Kwenye simu napata 95, DMV nimefeli mara mbili: tatizo liko wapi?

"Shikamoo mwalimu. Niko Marekani mwaka wa tatu sasa, nina green card, umri miaka 34, nafanya kazi ghalani usiku. Nyumbani niliendesha Fuso miaka tisa kwa hiyo gari kubwa sio kitu kigeni kwangu. Nataka CDL Class A, leseni ya biashara ya kuendesha kichwa na tela. Nimepakua apu mbili za mazoezi, nafanya kila siku na napata 95 mpaka 100, lakini DMV, ofisi ya leseni, nimefeli General Knowledge, ule mtihani wa kuandika wa maarifa ya jumla, mara mbili, ya kwanza nilipata 36, ya pili 38 kati ya 50. Kuna jamaa anauza PDF anasema ndo maswali yenyewe ya DMV, dola 80. Mwingine ananiambia bila kumaliza shule siruhusiwi hata kukaa mtihani. Mwingine tena anasema niombe mkalimani wa Kiswahili. Nifanyeje? Na je, nikirudi nifanye mitihani yote mitatu siku moja ili nimalizane nayo?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, na pili hebu angalia hizo namba zako vizuri kabla hujakata tamaa. Kupita ni asilimia 80, yaani 40 kati ya 50, we umepata 38. Umepungukiwa maswali mawili tu. Mtu aliyepungukiwa maswali mawili hana tatizo la akili wala la udereva, ana tatizo la namna anavyosoma, na hilo linarekebishika ndani ya wiki tatu ukinisikiliza. Mimi nafundisha nadharia ya CDL na nikuambie siri, mtihani wa breki za upepo nilifeli mwenyewe mara ya kwanza kwa sababu hiyohiyo yako.

Tuanze na hao washauri wako maana wamekuchanganya.

Huyo wa shule amechanganya mambo mawili. Tangu tarehe 7 Februari 2022 ni kweli kuna mafunzo ya lazima kwa dereva mpya, yanaitwa ELDT, na lazima uyapate kwa mtoaji aliyeandikwa kwenye orodha ya serikali ya shirikisho, Training Provider Registry. Lakini hayo unatakiwa uwe umeyamaliza kabla ya mtihani wa vitendo, ule wa kukagua gari na kuendesha. Kwa mitihani mitatu ya kuandika, General Knowledge, Air Brakes (breki za upepo) na Combination (kichwa na tela), hakuna sheria ya shirikisho inayokulazimisha kupita shule kwanza, unajisomea, unaenda, unapata pemiti ya kujifunzia. Wanaolazimika kumaliza nadharia kabla ya mtihani wa kuandika ni wale wa Hazmat, mizigo ya hatari, na we hujafika huko. Ukishapata pemiti unakaa nayo siku 14 kabla ya kuruhusiwa mtihani wa barabarani, hizo ndo siku za shule.

Wa mkalimani, huyo usimsikilize kabisa. Kanuni za shirikisho zinakataza mkalimani kwenye mtihani wa CDL, awe ndugu yako, awe mtu wa kulipwa, haijalishi. Kulikuwa na majimbo yanayotoa mtihani wa kuandika kwa lugha nyingine chache kwenye kompyuta, ila mtihani wa barabarani ni Kiingereza tu, na mwaka 2025 mambo yamekazwa zaidi: Aprili ilitoka amri ya rais kuhusu Kiingereza cha madereva, na kuanzia tarehe 25 Juni 2025 dereva akisimamishwa na mkaguzi akaonekana hawezi kuongea na kusoma alama za barabarani kwa Kiingereza, anawekwa nje ya kazi palepale, gari linabaki pembeni ya barabara na mzigo wake. Sasa hata ukipata mtihani kwa lugha ya mama yako, utafanya nao nini ukishafika kwenye mizani?

PDF ya dola 80, usinunue. Kompyuta ya DMV inachagua maswali kutoka kwenye hazina kubwa, mtu wa kiti cha jirani yako anapata mengine. Hiyo PDF ama ni maswali ya bure ya mtandaoni yaliyokusanywa, ama ni ya wizi, na kama ni ya wizi una tatizo kubwa kuliko kufeli, maana ukikutwa na hatia ya udanganyifu kwenye mtihani wa CDL unafungiwa usiombe tena kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kitabu ambacho maswali yote yanatoka ndani yake kiko bure kwenye tovuti ya DMV ya jimbo lako. Hakiuzwi. Sijui kwa nini watu wanaacha kitabu cha bure wananunua picha za skrini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, kwa nini simu inakupa 95 na DMV inakupa 38.

Apu inakurudishia maswali yaleyale. Mara ya kwanza unalisoma swali, mara ya tano hulisomi tena, unaliona tu, jicho linakamata maneno mawili ya mwanzo na kidole kinaenda kwenye jibu lenye urefu fulani au lenye neno fulani. Unadhani umejua kumbe umezoea sura. Ni kama kumtambua mtu kwa shati, siku akibadilisha shati humjui. DMV wamebadilisha shati: jambo ni lilelile ila swali limegeuzwa, au wameweka "NOT" katikati, au "all of the above EXCEPT", au wameuliza sababu badala ya namba. Na we ambaye Kiingereza ni lugha yako ya tatu, unapokutana na sentensi mpya huna pa kushika, kwa sababu hukuwahi kujifunza kitu, ulijifunza sentensi.

Kwa hiyo weka simu chini wiki mbili za kwanza. Fungua kitabu. Kina sehemu 13, zisikutishe, za General Knowledge ni sehemu ya 1, 2 na 3 tu. Air Brakes ni sehemu ya 5, Combination ni ya 6. Ya abiria, ya matela mawili matatu, ya matanki, ya mizigo hatari na ya basi la shule, zote ruka. Ya 11 mpaka 13 ni za mtihani wa vitendo, utazihitaji baadaye. Ukihesabu kurasa utaona ulichokuwa unakiogopa ni sehemu ndogo tu ya kitabu.

Usisome kama riwaya. Soma aya moja, funga kitabu, jieleze kwa sauti kwa Kiswahili kwa nini mambo yako hivyo, halafu jieleze tena kwa Kiingereza kibovu chochote ulichonacho. Kama huwezi kusema kwa nini, hujaelewa, rudi. Nakupa mfano wa namba ambazo watu wanazikariri kama namba za simu halafu zinawatoroka.

Kitabu kinasema kwenye maili 55 kwa saa unahitaji futi 419 kusimama. Namba hiyo ina vipande vitatu: 142 za macho na ubongo kugundua hatari, 61 za mguu kutoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye breki, na 216 za breki zenyewe kufanya kazi. Ukikariri 142, 61, 216 kesho umesahau. Lakini elewa hivi: kwenye maili 55 gari linakula kama futi 81 kila sekunde. Ubongo unahitaji sekunde 1.75, zidisha na 81, unapata 142. Mguu unahitaji robo tatu ya sekunde, zidisha, unapata 61. Umeona? Tayari umetembea zaidi ya futi 200 na breki haijashika kitu. Kwa akili yetu ya mita, futi 419 ni kama mita 128, ndefu kuliko uwanja wa mpira. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, hilo swali wanalipenda sana. Halafu breki za upepo zinaongeza futi nyingine kama 32 kwenye mwendo huohuo, kwa sababu upepo unachukua nusu sekunde hivi kusafiri kwenye mipira mpaka kwenye gurudumu. Mafuta ya breki ya gari dogo hayana kuchelewa huko.

Hapo sasa ndo naingia kwenye ile Fuso yako, na hapa usinichukie. Miaka tisa ya udereva itakusaidia sana siku ya kushika usukani, ila kwenye mtihani wa kuandika inaweza kukuponza, maana unajibu kwa mazoea na mtihani unauliza kitabu. Nikikuuliza lori tupu na lori lenye mzigo lipi linahitaji umbali mrefu kusimama, moyo wako unasema lenye mzigo. Kitabu kinasema tupu, kwa sababu breki, springi na tairi za gari kubwa zimetengenezwa zifanye kazi vizuri likiwa na mzigo, likiwa tupu tairi hazishiki lami sawasawa, linadundadunda na magurudumu yanajifunga. Kichwa bila tela ni hivyohivyo, ni kifupi na chepesi unadhani kitasimama haraka, kumbe ndo kigumu kusimamisha vizuri.

Au kushuka mlima. Kuna dereva wa nyumbani ambaye hajawahi kuachia gari frii kuokoa mafuta? Hapa jibu ni kuingiza gia ndogo KABLA hujaanza kushuka, unaacha injini ikuzuie, halafu gari likifika mwendo wako salama unakanyaga breki mpaka lipungue maili 5 hivi chini yake, unaachia, likipanda tena unarudia. Ukikanyaga breki bila kuachia zinapata moto, chuma kinatanuka, nguvu inapungua, mpaka unakanyaga na hakuna kitu. Ukielewa hilo la moto, maswali matatu manne yamejibika bila kukariri.

Tairi la mbele likipasuka pia, mkono na mguu wa mazoea vinataka breki. Kitabu: shika usukani kwa nguvu, usiguse breki mpaka gari lipungue lenyewe, isipokuwa kama unakaribia kugonga kitu.

Yapo mengine ni namba kavu tu, hayo hayana hekima ya kuchimba, yaandike kwenye karatasi uyabandike ukutani. Kukaa nyuma ya gari lingine: sekunde 1 kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako, ukizidi maili 40 ongeza sekunde 1, kwa hiyo gari la futi 60 barabara kuu ni sekunde 7. Kuangalia mbele sekunde 12 mpaka 15. Kina cha kashata za tairi kisipungue, mbele 4/32 ya inchi, kwingine 2/32. Mkanda wa kufungia mzigo mmoja kila futi 10 na kamwe usipungue miwili hata mzigo uwe mdogo vipi. Kukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, baadaye kila maili 150 au saa 3, chochote kitakachotangulia. Barabara yenye maji punguza mwendo theluthi, yenye theluji iliyoshindiliwa punguza nusu. Pembetatu za tahadhari ndani ya dakika 10 tangu usimame, na kwenye barabara ya njia moja zinakaa futi 10, 100 na 200 upande magari yanakotokea. Pombe kwenye damu, kikomo ni asilimia 0.04 kwa gari la biashara, nusu ya unayoruhusiwa kwenye gari dogo karibu majimbo yote. Namba zenyewe sio nyingi hivyo, jioni nne zinatosha kuzishika.

Kuhusu upepo, nikufungulie mlango tu utaingia mwenyewe. Watu wanaogopa Air Brakes kwa sababu ya namba za psi, kipimo cha mgandamizo wa upepo, zinaonekana zimetupwa ovyo. Ziangalie kama gari linapungukiwa upepo kutoka juu kwenda chini. Kompresa inajaza matanki mpaka kama 125, governor, kidhibiti chake, inaizuia. Unatumia breki, upepo unashuka, ukifika kama 100 governor inairuhusu ijaze tena. Ikiharibika ikajaza kupita kiasi, kwenye 150 valvu ya usalama inafunguka. Sasa shuka chini: kuna mvujo, upepo unapungua, kwenye 60 (vitabu vingine vya majimbo sasa vinaandika 55, fuata chako) taa na mlio wa tahadhari lazima viwe vimewaka. Ukipuuza ukaendelea, kati ya 45 na 20 springi zinafunga breki zenyewe. Kwa nini zenyewe? Kwa sababu kwenye breki ya maegesho upepo ndo unaoizuia springi isifunge, sio unaoifunga. Upepo ukiisha hakuna wa kuizuia. Hapo ndo akili ya watu wengi inageuka, ukilishika hilo sehemu ya 5 yote inafunguka, hata kile kitufe chekundu cha tela na cha njano cha maegesho kwenye sehemu ya 6 utajua kwa nini vinaruka vyenyewe.

Lugha. Wengi hawafeli udereva, wanafeli maneno kama mia moja na kitu. Tengeneza daftari, upande mmoja neno la kitabu, upande wa pili maana yake kwa maneno yako ama kamchoro, tuseme "tread" umechora tairi na kashata zake, "kingpin" umechora ile chuma ya chini ya tela inayoingia kwenye sahani ya kichwa. Anza na maneno madogo yanayogeuza swali, "unless", "except", "least", "before", hayo yamewaangusha watu wengi kuliko maneno ya ufundi. Daftari hilo sio la mtihani huu tu, siku ya vitendo utasimama na mkaguzi utaje kipande kimoja kimoja cha gari kwa Kiingereza, na siku ya mizani utaulizwa unatoka wapi, umebeba nini, na hutakuwa na apu mkononi. Uliza pia DMV yako kama wana spika za masikioni, majimbo kadhaa kompyuta inakusomea swali kwa Kiingereza, kwa mtu anayesikia vizuri kuliko anavyosoma hiyo inasaidia sana na sio udanganyifu.

Simu irudi wiki ya tatu, kama kipimo sio kama mwalimu. Na tumia apu usiyowahi kuifungua. Kila swali kabla hujaangalia majibu funika kwa kidole, sema jibu mwenyewe, halafu funua. Ukipata 90 kwa mtindo huo, nenda.

Mitihani mitatu siku moja? Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo wakatoka na pemiti kamili, faida yake unaenda DMV mara moja na siku 14 zako zinaanza kuhesabiwa na kila kitu kikiwemo. Hasara ni kichwa, maswali 50 ya General halafu 25 ya breki na 20 ya tela kwenye majimbo mengi, mtu ametoka zamu ya usiku hajalala. We umefeli mara mbili, moyo umeshatikisika, ushauri wangu nenda na General peke yake, chukua ushindi huo, rudi na hiyo miwili pamoja kwa sababu yote ni habari ya upepo na ukisoma mmoja nusu ya mwingine umeshajua. Ila kabla hujaamua uliza DMV yako kama kuongeza mtihani baadaye kuna malipo ya kutoa pemiti upya, na kama matokeo ya uliopita yanakaa muda gani, kila jimbo lina utaratibu wake. Usije ukaamua kuruka Air Brakes kabisa, utawekewa kizuizi cha herufi L kwenye leseni na hapo Class A yako haitakupeleka popote.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyatatua kwa maandishi. Kama unasoma ukurasa mmoja wa kitabu na nusu ya maneno huyajui, usilazimishe, nenda maktaba ya umma ya mji wako au chuo cha jamii uulize darasa la Kiingereza la watu wazima, mara nyingi ni bure, miezi mitatu hapo ni bora kuliko kufeli mara ya tano. Kama herufi zinakuchezea machoni tangu utotoni hata kwa Kiswahili, waambie DMV kabla ya siku ya mtihani, wana namna ya kusaidia. Kapime afya ya DOT, ile ya lazima kwa madereva wa biashara, mapema, kabla hujalipa shule yoyote, hasa kama una kisukari, presha au macho, kwa kawaida kila jicho linatakiwa lifike 20/40 kwa miwani au bila miwani, nimeona mtu amemaliza shule ndo anagundua hapiti. Na we una green card hilo liko sawa, lakini wenzako wanaosoma hapa wenye hifadhi au kibali cha kazi tu, CDL yao ni ya aina nyingine na tangu Septemba 2025 kanuni zake zimebanwa na zimefika mpaka mahakamani, hao waende na karatasi zao DMV na kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla hawajatoa hata senti.

Siku yenyewe omba usiwe umetoka zamu. Lala. Swali likikushinda liruke kama kompyuta inaruhusu, mara nyingine swali la 30 linakukumbusha jibu la swali la 12. Kila ukiona NOT au EXCEPT, lisome swali upya kwa Kiswahili kichwani kabla ya kugusa skrini, na kumbuka una ruhusa ya kukosa kumi.

Ukianza sehemu ya 2 wiki hii niandikie ulikokwama, ukurasa na aya, tutaichambua.